Mfuko wa PICS kwa mahindi na karanga: sifa zake, mipaka yake, na namna ya kuutumia usikutie hasara

Kwa mkulima mdogo wa Uganda anayetaka kuweka mahindi au maharage yake hadi bei ipande, mfuko wa PICS, yaani mfuko wa kuhifadhia nafaka usiopitisha hewa, ni kifaa kizuri sana, na tunausifu bila kusita. Kinachotutia wasiwasi ni namna unavyonadiwa. Wapo wauzaji wa pembejeo wanaoueleza kana kwamba ukishamimina nafaka ndani na kufunga kamba, sumukuvu imekwisha. Si kweli, na mtu akiamini hivyo anaweza kupoteza mzigo mzima, kuku wake, au ini la mtoto wake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu mambo ambayo hayaandikwi kwenye mfuko: unyevu, ukaushaji, ufungaji, na yale yanayoharibika hata ukiwa umenunua mfuko halisi.

Tuanze na mfuko wenyewe. Jina lake, kifupi cha Purdue Improved Crop Storage, linatokana na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, na asili ya kazi hiyo ni Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Larry Murdock na wenzake walipokuwa wakitafuta njia ya kuhifadhi kunde bila dawa. Nje kuna gunia la plastiki iliyofumwa, kama magunia ya kawaida ya sokoni. Ndani kuna kavera mbili nzito za polithini, kila moja ikiwa na unene wa maikroni 80. Gunia hubeba uzito, kavera huzuia hewa. Hesabu kavera hizo kabla ya kulipa: ingiza mkono, sugua ukingo kwa vidole mpaka zitengane, uone ni mbili kweli. Kisha izungushe kila moja mdomoni ikiwa na hewa ndani, uibane kifuani na usikilize. Ikipumua mahali, irudishe hapo hapo dukani.

Ukubwa ni wa kilo 100 na wa kilo 50. Kwa biashara, mfuko wa kilo 100 unafaa. Kwa chakula cha nyumbani tunashauri wa kilo 50, kwa sababu mfuko unaofunguliwa unapoteza kazi yake, na mfuko mdogo unakwisha upesi huku mingine ikibaki imefungwa. Bei ni mara kadhaa ya gunia la kawaida, lakini utautumia zaidi ya msimu mmoja na hutanunua dawa ya fukusi.

Na fukusi ndiyo sababu hasa mfuko huu ulibuniwa. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Wadudu waliofungiwa ndani wanaendelea kupumua, na baada ya siku chache oksijeni inashuka chini ya asilimia 5. Mdudu wa ghalani hanywi maji. Sehemu kubwa ya maji yake huyapata mwilini kwa kuunguza chakula akitumia oksijeni. Oksijeni ikipungua anaacha kula, anakauka, anakufa. Mayai na viluwiluwi vilivyomo ndani ya punje navyo havifiki mbali. Hakuna poda, hakuna vidonge vya kufukizia, na maharage yanabaki salama kwa chakula na kwa mbegu. Kwa kazi hii mfuko unastahili sifa zote unazopewa.

Kuvu ni habari nyingine.

Anayetusumbua zaidi ni Aspergillus flavus, kuvu wa rangi ya kijani inayoelekea njano, anayeishi kwenye udongo na kwenye masalia ya mazao. Ndugu yake, Aspergillus parasiticus, hupatikana zaidi kwenye karanga. Hutoa aflatoksini, na iliyo kali kuliko zote ni B1, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kuvu huyu hasubiri ghala. Jua likikaza wakati mahindi yanajaza punje, au wadudu wakitoboa gunzi, anaingia shambani kabisa. Karanga humpata ardhini, hasa ukame ukizikuta wiki za mwisho kabla ya kuvuna. Kwa hiyo unaweza kufunga mahindi yenye sumu tayari, na mfuko utakuhifadhia sumu hiyo vizuri sana hadi siku ya kufungua. Mfuko hauondoi chochote kilichokwisha kuingia. Hata kuchemsha posho (ugali) au kukaanga karanga hakumalizi kazi, kwa maana aflatoksini inavumilia moto wa jikoni. Haina rangi, harufu wala ladha. Mahindi meupe yanayong'aa yanaweza kuwa nayo.

Kuvu wa pili, Fusarium verticillioides, mwenye utando mweupe au wa waridi kwenye gunzi, hutoa fumonisini. Sumu hii karibu yote hutengenezwa shambani kabla mahindi hayajakauka, na mfuko hauna la kuifanya. Dawa yake ni kuvuna kwa wakati na kutupa magunzi yaliyooza kabla ya kupukuchua.

Je, mfuko unasaidia kitu kwa aflatoksini? Ndiyo, kwa njia mbili. Kwanza, fukusi wengi kwenye gunia la kawaida hutoa joto na mvuke, punje zilizotobolewa zinapata unyevu, na kuvu anaota pale pale penye kundi la wadudu hata kama gunia lililobaki ni kavu. Ukiwaua fukusi umefunga mlango huo. Pili, Aspergillus anahitaji oksijeni, na hewa ikiwa hafifu anazuiwa. Majaribio yameonyesha kwamba hata mahindi yenye unyevu kupita kiasi yakifungwa kabisa hayaongezi aflatoksini kama yale yaliyo kwenye gunia la wazi. Lakini yale yalikuwa majaribio, mfuko hauguswi kwa miezi. Nyumbani mama anafungua kila Jumamosi atoe kilo tano za kusagisha, oksijeni inaingia upya, na kuvu aliyekuwa amezubaa anaamka akiwa na unyevu wote anaoutaka. Mahindi mabichi yasipoota kuvu yatachacha. Ukifungua unakutana na harufu ya malwa (pombe ya kienyeji), na mbegu zake haziwezi kuota tena. Mfuko uleule unaozuia unyevu wa nje kuingia huzuia unyevu wa ndani kutoka.

Kwa hiyo swali lote ni kujua kama nafaka imekauka, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Karanga zilizomenywa zinatakiwa ziwe chini zaidi, karibu asilimia 7, kwa sababu zina mafuta mengi. Maji kidogo yaliyomo yote yanakuwa kwenye sehemu isiyo mafuta, na kuvu anayafikia. Mtu anayekausha karanga kwa kipimo cha mahindi anazikausha nusu.

Kipimo cha chumvi kinajulikana: chupa kavu ya kioo, mahindi hadi theluthi moja, vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja au mbili, weka itulie robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Wengi hawaambiwi kwamba chumvi huanza kushika kuanzia asilimia 15 hivi. Chumvi isiposhika umejua tu kwamba uko chini ya 15. Unaweza kuwa kwenye 14.5, na hapo bado si salama kwa mfuko. Chumvi yenyewe ikiwa imenyonya unyevu wa hewa, kama ilivyo nyumba nyingi kando ya Ziwa Victoria, inakudanganya kwa upande wa pili. Ikaushe kwenye kikaango kwanza. Kung'ata kwa meno ni kazi ya mzoefu, na hata mzoefu hatofautishi 13 na 15.

Tunachopendekeza ni haigromita ndogo, ile ya kupima unyevu wa hewa ndani ya nyumba, pamoja na kavera ndogo safi ya kufungika. Chota mahindi sehemu mbalimbali za turubai, juu na chini, katikati na pembeni, uyachanganye. Yaache yapoe kivulini. Jaza kavera nusu, ingiza haigromita ndani, funga bila kuacha hewa nyingi, weka kivulini dakika 15 hadi 20. Hewa iliyo katikati ya punje italingana na unyevu wa punje. Ikisoma asilimia 65 au chini, mahindi yako yamefika kwenye 13.5 au chini yake. Ikisoma 70, rudisha turubaini. Kifaa ni cha bei ndogo kuliko mashine ya kupimia nafaka, na kikundi cha wakulima ishirini kinaweza kutumia kimoja. Uzuri wake mwingine ni kwamba kuvu mwenyewe hajali asilimia ya maji kwenye punje, anajali hewa iliyo katikati ya punje, na ndiyo unayoipima. Ndiyo maana 65 ni ileile kwa mahindi, maharage na karanga.

Ukiwa na pesa za kununua ama mifuko mitano ya PICS ama turubai moja nzuri, anza na turubai. Mahindi ya msimu wa kwanza hukomaa Juni hadi Agosti, na sehemu nyingi za nchi mvua za pili zinabisha hodi kabla hayajakauka. Ya msimu wa pili, yanayovunwa Desemba na Januari, hukutana na jua kali na huwa na shida ndogo zaidi ya kukauka. Kwa hiyo mzigo wa Julai ndio wa kuuogopa. Ukianika chini kwenye udongo, unaanika juu ya makao ya kuvu mwenyewe, na jioni unyevu wa ardhi unapanda tena ndani ya punje. Tandaza turubaini, unene usizidi sentimita 4 au 5, geuza kila nusu saa hadi saa moja, funika kabla umande haujashuka. Mawingu yakikaa, tandaza wembamba zaidi ndani ya nyumba penye hewa, usirundike. Rundo la mahindi yenye asilimia 18 hupata joto kwa usiku mmoja, na siku mbili tatu za namna hiyo zinatosha kuvu kuanza kazi.

Kupukuchua nako kuna athari. Kupiga magunzi kwa fimbo ndani ya gunia huvunja punje, na punje iliyovunjika haina ngozi ya kumzuia kuvu. Mashine ya kupukuchua iliyorekebishwa vizuri, na mahindi yaliyokauka vya kutosha kabla ya kuingizwa, huvunja chache. Pepeta, chekecha, ondoa vipande na vumbi. Uchafu huo ndio wenye sumu nyingi kuliko nafaka nzima.

Tunajua kwa nini watu hawakaushi. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zikishushwa hadi 13.5 zinabaki karibu kilo 94.8. Mnunuzi anayekuja na pikipiki hadi shambani hampi mkulima senti ya ziada kwa ukavu, anapima uzito tu, kwa hiyo kila siku ya jua ni hasara kwa anayekausha. Mfuko wa PICS unageuza hesabu hii kwa yule tu anayeweza kungoja. Ukiuza wiki ya mavuno, usiununue, hautakulipa. Ukiweza kukaa hadi Aprili au Mei, ghala za majirani zikiwa tupu, kilo tano za maji ulizopoteza zinafunikwa na tofauti ya bei.

Ufungaji. Nafaka iwe imepoa. Hili tunalisisitiza kwa sababu ndilo kosa la watu makini: wamekausha vizuri, wamepima vizuri, wamemimina saa tisa alasiri mahindi yakiwa ya moto kutoka juani. Usiku ukipoa, mvuke hugandia kwenye kavera, matone yanateremka, na ukifungua baada ya mwezi unakuta mkanda wa kuvu shingoni mwa mfuko huku katikati pakiwa safi. Yaache kivulini mpaka yapoe hadi katikati, kisha ujaze jioni hiyo hiyo kabla hayajanyonya unyevu wa usiku.

Ingiza kavera moja ndani ya nyingine, na zote mbili ndani ya gunia. Mimina debe moja, kunjua midomo ya kavera nje ya ukingo wa gunia, endelea kujaza huku ukitikisa ili punje zishuke pembeni na hewa itoke. Usijaze mpaka juu. Acha shingo ya sentimita 20 hadi 30 kwa kila kavera, la sivyo huna cha kusokota. Kamua hewa kwa mikono kuanzia pembeni kuja katikati, sokota shingo ya kavera ya ndani mpaka iwe ngumu, ikunje mara mbili, ifunge kwa kamba. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande virefu unashika vizuri kuliko katani. Rudia kwa kavera ya pili, kisha gunia. Kila moja peke yake. Wanaofunga kavera zote mbili kwa fundo moja wamejinyima faida ya kuwa nazo mbili.

Weka juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, mahali ambapo jua haliupigi mfuko moja kwa moja. Nyanyueni watu wawili. Ukiuburuta kwenye sakafu ya saruji unatoboa chini bila kuona. Usiufungue wiki nne za mwanzo. Kama nafaka ilikuwa na wadudu, baada ya siku kadhaa utaona kavera imejibana kwenye punje. Hiyo ni ishara kwamba hewa imepungua. Kama haikuwa na wadudu inaweza isijibane, na si kasoro.

Panya ndiye adui mkubwa wa mfuko huu. Kavera haimzuii, na akitoboa usiku mmoja kazi imekwisha. Safisha ghala, zungushia kinga ya bati kwenye miguu ya jukwaa, fuga paka. Dumuzi, yule mdudu mkubwa wa mahindi, anaweza kutoboa kavera ya ndani kutokea ndani kabla hajafa, na hapo ile ya pili inaokoa. Kuna adui mwingine asiyetajwa sana: bambo, kile chuma chenye ncha ambacho mnunuzi anachomea gunia kutoa sampuli. Mnunuzi aliyezoea magunia ya kawaida atauchoma mfuko wako wa PICS pande tatu kabla hujamzuia. Mfungulie mdomo, achukue kwa juu na kwa mkono hadi ndani, ama muwekeane sampuli pembeni kabla ya kufunga.

Sampuli inahitaji neno lake. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu aflatoksini zote kwa jumla zisizozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na B1 peke yake isizidi 5. Mikrogramu 10 kwa kilo ni gramu 1 ndani ya tani 100. Sumu hiyo haikusambaa sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote, na maelfu yanayozizunguka yakawa safi. Gao moja kutoka mdomo wa gunia moja halina maana yoyote, liwe na majibu mazuri au mabaya. Chota kidogo kidogo sehemu nyingi za mzigo mpaka ufike angalau kilo 5, saga zote, changanya, ndipo utoe kiasi cha kupima. Maabara za Kampala na ile ya shirika la viwango, UNBS, huko Bweyogerere, hupima. Wafanyabiashara wakubwa wana vipande vya kupimia vya haraka. Fanya hivyo kabla ya kufunga mifuko, si baada yake.

Haya si mambo ya maabara tu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na ilipofungua tena siku chache baadaye ilidai cheti kinachoonyesha kiwango kilicho chini ya 10. Mwaka 2023 malori ya nafaka na unga kutoka Uganda yalizuiwa Sudan Kusini kwa sababu hiyo hiyo. Na Kenya walikuwa na funzo chungu: mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Kwa karanga, mfuko unafaa kwa zilizomenywa, zikiwa zimefika kwenye ukavu tuliotaja. Zenye maganda hujaza mfuko upesi kwa uzito mdogo, na ncha za maganda hukwaruza kavera. Hata hivyo shida kubwa ya karanga iko kabla ya mfuko. Watu hunyunyizia maji ili maganda yalainike na kumenya kuwe rahisi. Wengine hunyunyizia ili uzito upande. Karanga zilizonyunyiziwa zikifungiwa ndani ya kavera ni hasara ya hakika. Menya kavu, kwa mashine ya mkono ikiwezekana. Kisha chambua: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye utando ziondoke. Kuchambua kwa mkono hushusha sumu kwenye karanga kuliko kitu kingine chochote kinachofanyika nyumbani, kwa sababu ile sumu imekusanyika kwenye hizo mbovu. Na zikishaondolewa zisiende kwenye mashine ya kusaga siagi ya karanga. Zikishasagwa hakuna macho yatakayoziona, na ndiko nyingi zinakoishia. Tunawaomba wanaonunua karanga zilizokwisha kusagwa sokoni kwa ajili ya binyebwa (mchuzi wa karanga) wanunue nzima, wazichambue, wasage wenyewe.

Zisiende kwa kuku pia, wala kwa bata, ambaye ni dhaifu kuliko kuku kwa sumu hii. Jina lenyewe la aflatoksini lilipatikana baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Mahindi yakikobolewa ili kupata posho nyeupe, sumu nyingi hubaki kwenye pumba na kiini, na pumba ndizo zinazopakiwa Kisenyi, kwenye mashine za kusaga za Kampala, kwenda kwa wafugaji. Mla posho amepona kidogo, kuku amebeba mzigo. Kuku wa namna hiyo hakui, mayai yanapungua, ini linavimba na kuwa la njano, na chanjo ya kideri haishiki kwa sababu kinga imeshuka. Mfugaji analaumu chanjo. Ng'ombe huvumilia zaidi, lakini sehemu ya B1 aliyokula hutoka kwenye maziwa ikiwa aflatoksini M1 ndani ya siku moja, na huchukua siku kadhaa kuisha ukibadilisha chakula. Mfugaji anayenunua mahindi na pumba wakati wa wingi anaweza kuzihifadhi kwenye PICS kwa masharti yale yale ya ukavu, akipima kwa haigromita, maana pumba hunyonya unyevu upesi. Udongo wa bentonaiti unaochanganywa kwenye chakula hunasa aflatoksini tumboni na unasaidia, lakini kwa fumonisini nguvu yake ni ndogo, na hauruhusu mtu kulisha mahindi yaliyooza.

Kuna mifuko mingine. AgroZ, inayotengenezwa Arusha, na ZeroFly hutumia kavera moja. ZeroFly ina dawa ya wadudu ndani ya nyuzi za gunia la nje. GrainPro, inayopendwa na wauza kahawa, ina kavera moja yenye tabaka za kuzuia gesi na kwa kawaida unaitia ndani ya gunia lako. Zote zinafanya kazi kwa kanuni ileile. Tunachagua PICS kwa ghala la kijijini kwa sababu ya zile kavera mbili: tundu moja halimalizi kila kitu. Mwenye tani nyingi na nyumba yenye panya afikirie silo ya bati au ya plastiki.

Mfuko uliotunzwa vizuri hutumika misimu mitatu. Kila ukimaliza, kung'uta, pangusa kwa kitambaa kikavu, pima hewa tena kwa kila kavera. Tundu dogo kwenye kavera moja lizibwe kwa selotepu pande zote mbili, na kavera hiyo iwe ya nje. Kavera zote mbili zikitoboka, gunia bado ni gunia, litumie kusafirishia. Mfuko ambao mahindi yaliota kuvu ndani, usiufue ukaurudishia karanga au mbegu: gunia la nje lioshe kwa sabuni ulianike juani, kavera za ndani zifunikie matofali au kuni.